Namna ya Kuandaa Igizo la Mtu Mmoja Kuhusu Mwanamke wa Siasa

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge linapokaa kujadili bajeti, Dodoma huwa na wageni wengi kuliko vitanda. Wabunge, madereva wao, maofisa wa wizara, waandishi wa habari na wafanyabiashara wenye shida zao serikalini hushinda kutwa wakisikiliza hotuba, na jioni ikifika wengi wao hawana pa kwenda isipokuwa kwenye nyama choma. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vikundi vidogo vya sanaa za maonyesho vinavyotaka kuifikia hadhira hiyo, pamoja na ile ya kudumu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa shule zetu za sekondari, kwa igizo ambalo mwigizaji mmoja analibeba jukwaa zima akiwa mwanamke aliyepata kuzishika siasa za nchi. Nimeongoza maigizo ya namna hii kwa miaka kadhaa, katika kumbi ambazo hazikujengwa kwa ajili ya maigizo, na mengi ninayoyasema hapa niliyajua baada ya kuyakosea.

Asikuambie mtu kwamba umbo hili ni la kuazima. Majigambo ya Wahaya, ambapo mtu husimama mbele ya wenzake akajinadi kwa matendo yake, ni igizo la mtu mmoja. Bibi anayetamba hadithi kando ya moto, leo sungura, kesho fisi, na wajukuu hawachanganyikiwi hata kidogo, ni mwigizaji aliyekamilika. Mwaka 1976 Ebrahim Hussein alichapisha michezo miwili iliyojengwa juu ya mtambaji mmoja tu. Kwa hiyo mwigizaji wako akisema anaogopa kusimama peke yake, mkumbushe kwamba bibi yake alifanya hivyo bila mazoezi na bila taa.

Kumchagua mwanamke na kuichagua saa yake

Vikundi vingi huanza kwa kutafuta cheo: Spika, Waziri, Rais. Cheo hakiigiziki. Kinachoigizika ni mtu aliyetaka jambo, akazuiwa, akalazimika kuchagua. Kwa kipimo hicho nchi yetu haina uhaba. Yupo Lucy Lameck wa Moshi, aliyesomea uuguzi, akaenda Chuo cha Ruskin kule Oxford, kisha akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika safu ya mawaziri wa Tanganyika. Yupo Gertrude Mongella, binti wa Ukerewe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 na baadaye, mwaka 2004, Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Yupo Anne Makinda, aliyeliongoza Bunge hapa hapa Dodoma kuanzia 2010 hadi 2015 akiwa Spika wa kwanza mwanamke. Lakini kama hili ni igizo lako la kwanza, mimi ningekushauri uanze na Bibi Titi Mohamed, na ndiye nitakayemtumia kama mfano, kwa sababu maisha yake yana kupanda na kushuka kwa namna ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni: mwimbaji wa lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, katika kikundi cha Bomba, Dar es Salaam, kiongozi wa wanawake wa TANU kuanzia 1955, mwanasiasa aliyekipoteza kiti cha Rufiji mwaka 1965, mjumbe wa Kamati Kuu aliyejiuzulu mwaka 1967, mshitakiwa aliyekamatwa 1969 kwa kosa la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa huru mwaka 1972, na hatimaye jina la barabara ambayo daladala huipita kila siku.

Ukishayaona yote hayo utashawishika kuyaweka yote. Usifanye hivyo. Mswada wangu wa kwanza ulianza na maneno "Nilizaliwa mwaka 1926", na kabla mwigizaji hajafika mwaka 1954 nusu ya wanafunzi walikuwa wameinamia simu zao. Walikuwa na haki, kwani nilikuwa nimewaletea somo la historia lililovishwa kanga. Igizo la mtu mmoja linahitaji saa moja ya maisha, siyo maisha mazima, na saa hiyo iwe ile ambayo mhusika hawezi kutoka chumbani jinsi alivyoingia.

Chukua usiku mmoja wa mwaka 1967. Azimio la Arusha limekwisha kutangazwa, na miiko ya uongozi inamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mbele ya mwanamke huyu kuna njia mbili tu: abaki na nyumba au abaki katika Kamati Kuu. Kila jambo la nyuma, pamoja na ngoma, safari za kuhamasisha wanawake, uhuru wa 1961 na kushindwa kwa Rufiji, litaingia chumbani humo lenyewe kwa sababu atakuwa analitumia kujitetea au kujilaumu. Au chukua siku ya kwanza nje ya gereza mwaka 1972, ambapo hajui nani atapita mlangoni kumpa pole na nani atavuka barabara ili wasikutane. Au nenda mwaka 1991, nchi ikisherehekea miaka 30 ya uhuru na gazeti la chama likimsifu kuwa shujaa, naye ameshika gazeti hilo mkononi. Saa hizi tatu zitakupa maigizo matatu tofauti kabisa kuhusu mtu yule yule. Chagua moja, na usiionee huruma ile unayoiacha.

Baada ya saa, amua anazungumza na nani. Hili ndilo swali ambalo waandishi wengi hulikwepa, na likikwepwa mwigizaji huishia kuwasemea watu ukutani kama redio. Mtu hazungumzi saa nzima bila msikilizaji, labda awe mgonjwa. Katika igizo la mwaka 1967 msikilizaji anaweza kuwa shoga yake wa zamani wa kikundi cha ngoma aliyekuja kumshauri, akaketi kimya kwenye mkeka usio na mtu. Katika lile la 1991 anaweza kuwa msichana mwandishi wa habari ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa kesi. Ninalolipenda zaidi mimi ni kuwafanya watazamaji wenyewe kuwa wasikilizaji: ni mwaka 1955, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, amewauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, na sasa Bibi Titi amekuja kwa wanawake wenzake wa ngoma kuwaomba waitike. Watazamaji wakishajua wao ni nani katika chumba hicho, wataitikia wimbo bila kuombwa mara ya pili.

Wenzetu wa Marekani wamelitatua swali hili kwa simu. Holland Taylor alipoandika na kuigiza mwenyewe igizo kuhusu Ann Richards, aliyekuwa gavana wa Texas, ambalo lilifika Broadway mwaka 2013, sehemu kubwa ya ofisi ya gavana ilijengwa kwa simu anazopokea na kwa sauti ya katibu muhtasi asiyeonekana. Mbinu hiyo hutufaa sana Dodoma, mji wa maofisi, mradi isigeuke mazoea. Simu ya tatu huwa inachosha, na ya nne watazamaji huanza kucheka.

Kuyakusanya maneno

Kwa mwanamke aliyepata kuwa mbunge, anza na Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi tunaziita Hansard. Nyingi zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge bila malipo, na humo utakuta maneno yenyewe, pamoja na miongozo ya Spika, na makofi na kicheko vikiwa vimeandikwa kwenye mabano. Mabano hayo ni hazina. Mahali palipoandikwa kwamba wabunge walicheka wakati mwanamke anazungumza jambo zito, hapo pana onyesho. Baada ya hapo tafuta magazeti ya zamani maktabani, kisha nenda kwa wazee. Dodoma ina wastaafu wengi wa chama na serikali waliohamia au kubaki hapa tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huku, na wengi wao wanafurahi kuulizwa. Usiende na maswali ya tarehe; tarehe zipo vitabuni. Uliza alikuwa akikaaje, alikunywa chai ya namna gani, akikasirika alinyamaza au alipaza sauti.

Ninapoandika hutumia kalamu za rangi tatu. Buluu ni kwa maneno ambayo yameandikwa mahali kuwa aliyasema. Nyeusi ni kwa mambo yanayojulikana kwamba yalitokea lakini maneno yake hayajulikani. Nyekundu ni kwa niliyoyabuni. Mswada ukimalizika, zisome nyekundu peke yake. Kama nyekundu inamfanya akiri kosa, amtukane mtu aliyepata kuishi au atoboe siri ya ndoa, futa. Kuhusu kesi ya uhaini, kwa mfano, hukumu ipo katika kumbukumbu na msamaha upo, lakini yaliyopita moyoni mwake hakuna aliyetupa mamlaka ya kuyatangaza. Njia ya heshima, ambayo pia ni ya kisanaa zaidi, ni kumfanya msikilizaji asiyeonekana aulize swali lile ambalo kila mtu ukumbini analo, na mhusika aendelee kukunja nguo kimya hadi amalize ile ya mwisho. Nimeona ukumbi wa watu 100 ukishusha pumzi katika kimya hicho.

Mhusika akiwa bado hai, mambo hubadilika. Mwandikie barua, au uiandikie familia yake, na uwasomee mswada kabla ya mazoezi kuanza. Bakia kwenye matendo yake ya hadharani. Mwigizaji asiige sauti yake wala mwendo wake, kwa kuwa kuiga huleta vichekesho hata pale usipovikusudia. Na mwaka wa uchaguzi, mimi huwaacha walio hai na kurudi kwa waliotangulia. Sare na rangi za vyama zina joto lake, na igizo lako litageuzwa mkutano wa hadhara kabla hujajua.

Kuhusu vibali nisikuchoshe. Michezo ya kuigiza inasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, kwa hiyo waone Bodi ya Filamu mapema. Kikundi kisajiliwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mswada usajiliwe COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki. Anza kwa Afisa Utamaduni wa Jiji, ambaye atakueleza ipi itangulie, na nenda miezi miwili kabla ya onyesho, siyo wiki mbili.

Kuandika kwa ajili ya kinywa kimoja

Mwigizaji wangu husema maneno kati ya 90 na 100 kwa dakika akiwa jukwaani, ukihesabu na vituo. Igizo la dakika 60 halitakiwi kuzidi maneno 5,500, na ukiwa na nyimbo punguza hadi 4,500. Zaidi ya saa moja ni mateso kwa mwigizaji, na kwa mtazamaji aliyeketi kwenye dawati la shule pia.

Usiweke hotuba nzima. Ninajua inavutia, hasa kwa mwanamke aliyesifika kwa kusema, lakini hotuba ni kitu ambacho watu wa Dodoma wamekisikia kutwa nzima. Weka dakika tatu kabla ya hotuba, mikono inapotetemeka na kanga haikai, na dakika tatu baada yake, sauti ikiwa imekauka na makofi bado yanasikika nje. Ya katikati mtazamaji ataijaza mwenyewe. Vivyo hivyo tarehe zisitoke kinywani. Kadi ya TANU juu ya meza, kalenda ukutani au sauti ya redio inatosha kumweleza mtu ni mwaka gani.

Lugha imwonyeshe mtu alikotoka. Mwanamke wa Dar es Salaam wa miaka ya 1950 hasemi "napenda kuchukua fursa hii". Anasema kwa mafumbo, kwa kukatiza, kwa kujibu swali na swali, na akitaka kumchoma mtu huanza kwa kumsifu. Ukimpa Kiswahili cha barua za kiofisi umemuua kabla ya mahakama. Na jambo moja ambalo nimelibishania sana na vikundi vya hapa: usimpe Bibi Titi ngoma ya muheme kwa sababu tu uko Ugogoni na wapigaji wazuri unao. Muheme, ambao wanawake ndio wanaoupiga, ni fahari yetu, na siku utakapoandika igizo la mwanamke wa Chamwino au Mpwapwa uupige hadi vumbi litimke. Yeye ana lelemama yake. Mtafute mama wa pwani anayeijua, wapo mjini hapa, akufundishe nyimbo mbili zitoshe.

Watu wengine waliomo katika hadithi huletwa kwa macho. Kila mtu asiyeonekana apewe mahali pake na urefu wake: mume yuko mlangoni, mrefu, mjumbe wa chama ameketi kushoto, chini kidogo, askari yuko nyuma ya watazamaji kabisa. Mwigizaji akigeukia mahali hapo kila mara bila kukosea, kufikia dakika ya 15 watazamaji watageuka naye. Na asiyeonekana apewe muda wa kujibu. Waigizaji wachanga huuliza swali na kulijibu papo hapo. Mlazimishe mwigizaji wako asikilize jibu, alihesabu moyoni neno kwa neno, ndipo aendelee.

Mazoezi, maleba na ukumbi

Panga wiki sita. Wiki mbili za kwanza ni za mezani, kusoma na kukata, na usimruhusu mwigizaji akariri kabla hujamaliza kukata. Kisha akariri kwa vipande, kila kipande kikifungwa kwenye kitu: hiki huanza akishika birika, kile akikunja mkeka, kingine akivaa viatu. Akipotea jukwaani, mkono utamkumbusha kabla ya kichwa. Hata hivyo weka mtu mwenye mswada nyuma ya pazia, na birika liwe na maji ya kweli, kwa sababu koo la mtu mmoja kwa saa nzima katika hewa kavu ya Dodoma hukauka mapema.

Maleba hayahitaji fedha. Doti moja ya kanga, ikishakatwa, inakupa vipande viwili, na vipande hivyo ni kabati zima: kichwani ni mwanamke wa heshima anayepita mitaani, kiunoni ni mwimbaji wa ngoma, mgongoni ni mama, mezani ni kitambaa cha ofisi, na ikikunjwa vizuri ikakumbatiwa ni jalada la kesi. Chunguza jina la kanga, maana kina mama wa mstari wa mbele watalisoma na kulitafsiri, utake usitake. Zaidi ya kanga, kiti kimoja, meza ndogo na mkeka vinatosha.

Ukumbi wa Chimwaga pale Chuo Kikuu ni mkubwa mno kwa igizo la namna hii bila vipaza sauti vya kuvaa, na Nyerere Square ina bodaboda zake. Mimi huchagua darasa kubwa au bwalo la watu 80 hadi 120, viti vikipangwa nusu duara, mwigizaji akiwa chini pamoja na watazamaji. Kati ya Desemba na Aprili uliza kama ukumbi una dari, kwani mvua juu ya bati tupu haishindani na mtu, na miezi ya upepo funga madirisha ya upande unakotoka la sivyo vumbi litamalizia igizo. Taa mbili zinatosha, moja ya jumla na nyingine ya kiti.

Kuhusu umeme nina la kusimulia. Katika bwalo la shule moja, ambayo sitaitaja, umeme ulikatika dakika ya 20 na jenereta tuliyoahidiwa haikuwa na mafuta. Mwigizaji hakunyamaza. Aliendelea kusema gizani huku akipapasa meza, akaikuta kandili tuliyoiweka kama pambo tu, akaiwasha kwa kiberiti ambacho kwa bahati kilikuwamo, na igizo likaendelea kwa mwanga huo hadi mwisho. Watazamaji walidhani tumepanga. Tangu hapo kandili yenye mafuta na kiberiti vimo katika orodha yangu ya vifaa vya jukwaani hata mhusika awe na ofisi yenye viyoyozi, na kila mwigizaji wangu hufanya zoezi moja zima la gizani.

Baada ya onyesho tenga dakika 20 za mazungumzo, na mwongozaji asijibu kila swali. Mara nyingi kuna mtu ukumbini aliyeziishi siku zile, na ukinyamaza vya kutosha atasimama. Katika onyesho letu la tatu alisimama bibi mmoja, akasema igizo ni zuri lakini kilemba kimefungwa kama cha harusi za siku hizi. Akaja mbele taratibu, akamwambia mwigizaji, "Inama, mwanangu," akakifungua, akakifunga upya kwa mikunjo mitatu, akarudi kuketi. Sasa kabla ya kila onyesho tunakifunga hivyo, na mwigizaji huinama kwanza.